Kwa nini boti huwa na taa nyekundu kushoto na kijani kulia?

Ukisimama Dunga, Kisumu, usiku usio na mwezi, utadhani kuna mji umejengwa juu ya Ziwa Victoria. Hizo ni taa za wavuvi wa omena: zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola, na huelea majini kuwavuta samaki. Zinang'aa kweli, lakini nahodha akiziona hajui kama mtumbwi ulio karibu nazo umetulia au unamjia. Kumwonyesha chombo kimeelekea wapi ni kazi ya taa nyingine kabisa.

Nyekundu hufungwa ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia. Kila moja hukingwa isiangaze kote: huanzia mbele kabisa na kuenea nyuzi 112.5 za upande wake tu. Nyuma, tezini, hukaa nyeupe ya nyuzi 135. Jumlisha upate 360, yaani popote ulipo utaona angalau moja. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, chombo hicho kinakujia wewe.

Rangi zenyewe hutoa amri. Boti mbili za injini zikikatiza njia, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha. Sasa fikiria: akitokea kulia kwako, ubavu anaokuonyesha ni wa kushoto, wenye nyekundu. Yeye anaona kijani chako, kwa hiyo anaendelea na mwendo wake. Mmeelewana gizani bila redio wala honi. Kwangu mimi, hapo ndipo penye akili kubwa ya kanuni hizi, zilizoafikiwa kimataifa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1977.

Chombo cha injini huongeza nyeupe mlingotini, inayoangaza mbele. Meli ya mita 50 au zaidi huwa na mbili, ya nyuma ikiwa juu kuliko ya mbele. Cha tanga hakina hiyo ya mlingotini. Kilichotia nanga huwasha nyeupe inayoonekana pande zote.

Mvuvi wa nyavu zisizokokotwa na injini huweka nyekundu juu ya nyeupe. Anayekokota wavu, kijani juu ya nyeupe. Nyavu zisizokokotwa zikienea zaidi ya mita 150 kutoka chomboni, huongezwa nyeupe upande zilikotandazwa, na hili lingewaokolea wengi jarife, yaani nyavu za kutandaza, za mbuta zinazokatwa na mapanga ya injini.

Mtumbwi wa makasia, au wa tanga usiofika mita 7, hauhitaji mfumo wote huo. Kanuni zinauruhusu kuwa na kurunzi au taa ya mkononi yenye mwanga mweupe, mradi iwe tayari na imulikwe mapema kabla ya kugongana. Taa ya omena inayoelea mbali na mtumbwi haitoshi, kwa sababu inaonyesha mahali ilipo yenyewe, si mahali walipo watu.