Kupanuka kwa Ulimwengu Hakutoshi Kueleza Mshale wa Wakati

Dondosha tone la wino kwenye glasi ya maji. Punde rangi itaenea kote, na hata ukikesha hapo hutaona tone likijikusanya upya. Ajabu ni kwamba sheria zinazoongoza mwendo wa kila molekuli haziukatazi mwendo wa kurudi. Mwaka 1876 mwanafizikia Josef Loschmidt alimbana mwenzake Ludwig Boltzmann kwa hoja hiyo: ikiwa sheria hazibagui mbele na nyuma, mbona entropia, kipimo kinachoongezeka wino unapotawanyika, hupanda tu, kana kwamba wakati una mshale unaoelekea upande mmoja?

Boltzmann alijibu mwaka uliofuata kwa hesabu. Entropia hupima namna ngapi molekuli zinaweza kujipanga bila kitu kubadilika kwa nje. Namna za wino uliotawanyika ni nyingi kupita kiasi. Za tone moja ni chache mno. Hakuna anayeusukuma wino. Unaelekea penye wingi, basi.

Lakini hesabu hiyo inadai mwanzo wenye entropia ndogo, na hapo ndipo tunapoulizwa kila mara: je, si kwa sababu ulimwengu unapanuka? Vipimo vya mwanaastronomia Edwin Hubble vya mwaka 1929 vilionyesha galaksi zinaachana, na mwaka 1962 mwanafizikia Thomas Gold alidai kuwa kupanuka huko ndiko kunakoupa wakati mwelekeo. Binafsi sishawishiki. Mionzi iliyoachwa ulimwengu ulipokuwa na miaka kama 380,000 imepoa kwa kupanuka huko kutoka takriban kelvini (kipimo cha joto) 3,000 hadi 2.7, na entropia yake haijaongezeka kwa kupoa huko.

Fumbo lenyewe limo ndani ya mionzi hiyo. Joto lake, popote utakapoelekeza darubini, hutofautiana kwa takriban sehemu moja katika 100,000. Ungedhani kila kitu kilikwisha kutawanyika na entropia ilikuwa kileleni. Sivyo, maana kuna graviti, yaani mvutano kati ya vitu vyenye uzito. Gesi nyingi inayojivuta yenyewe haitulii ikiwa imesambaa. Hujikusanya na kumwaga joto nje, na entropia ya jumla hupanda. Kikomo cha mkusanyiko huo ni shimo jeusi, ambamo hata mwanga hautoki. Lililo katikati ya galaksi yetu, lenye uzito wa jua kama milioni 4, lina entropia kubwa kuliko mionzi yote hiyo katika ulimwengu tunaoweza kuuona.

Kwa hiyo kusambaa sawasawa kule mwanzoni kulikuwa hali adimu kupindukia. Kwa nini ulimwengu ulianza hivyo? Wapo wanaotaja kufura kwake kwa ghafla katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza. Mwanafizikia Roger Penrose hakubali, kwa sababu kufura huko nako kungehitaji mwanzo adimu vilevile. Mwaka 1979 alipendekeza kuwa usawa huo ni sheria ya asili inayohusu mwanzo peke yake.