Anaitwa nani kazini?

Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri, saluni moja ya Kihesa hapa Iringa hugeuka darasa. Mwenye saluni alitukubalia sisi kikundi cha kusoma riwaya kwa sharti moja tu: wateja wake wasibughudhiwe. Basi tunasoma huku mtu anasukwa, na mara nyingi anayesukwa ndiye anayechangia kuliko wote, maana hana pa kwenda.

Mimi ni mwalimu wa fasihi. Wiki nzima nashinda na dhamira, maudhui na "mwandishi amefaulu kwa kiasi gani". Saluni nimeyaacha hayo mlangoni. Kwa riwaya za Kiafrika za siku hizi, zile za watu wanaojitafuta, wanaopenda na wanaohangaikia kazi, nina swali moja, na kila anayeniuliza aanzie wapi kusoma nampa hilo kabla ya kitabu. Huyu mhusika anaitwa nani kazini, na anayempenda anamwitaje?

Chukua Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie, iliyotoka mwaka 2013. Tuliisoma kwa Kiingereza, kurasa ishirini kwa wiki. Tulianza Machi, tukamaliza Agosti bado tumejifunika vitenge mabegani. Ifemelu anatoka Nigeria kwenda kusoma Marekani, na kibali chake hakimpi ruhusa ya kufanya kazi anazozitafuta. Anaazimwa kitambulisho cha mwanamke mwingine, Ngozi Okonkwo, na kwenye usaili wa kwanza anajikwaa kwa jina ambalo ulimi haujalizoea. Mpenzi wake Obinze, aliyekwenda Uingereza, anafanya kazi kwa jina la Vincent. Vincent wa kweli anakula asilimia 35 ya mshahara. Anapotaka apandishiwe hadi 45, Obinze anakaa kimya, na haipiti muda kazi inaota mbawa. Mtu anakodi jina kama watu wanavyokodi chumba, na mwenye nyumba anaweza kukutoa wakati wowote.

Halafu kuna shangazi yake Ifemelu, Uju, ambaye ni daktari. Hakuazima jina la mtu, ila mbele ya Wazungu analitamka lake kama wanavyolitamka wao. Ifemelu anamuuliza kwa nini, naye anajibu kwamba ndivyo wanavyomwita. Kwangu mimi sentensi hiyo inauma kuliko mambo yote ya Vincent.

Kwenye mapenzi sasa, Ifemelu humwita Obinze "Ceiling", yaani dari. Asili ya jina hilo ni faragha ya watu wawili na sitaieleza hapa, nina wanafunzi wanaosoma blogu hii. Ila angalieni: huyo kijana London ni Vincent mchana kutwa, na duniani yupo mtu mmoja tu anayejua kwamba yeye ni dari.

Kitabu kinaanza na Ifemelu akipanda treni kutoka Princeton kwenda Trenton kusuka, kwa sababu anakoishi hakuna msusi wa nywele zetu. Anataka rasta namba 4. Msusi anamwambia hiyo rangi inaonekana chafu, achukue namba 1. Hapo saluni nzima iliangua kicheko, na msusi wetu, ambaye siku zote hudai hasikilizi, akasimamisha kitana hewani: "Kumbe na huko wanabishana namba?" Tangu siku hiyo anauliza kila wiki tumefika wapi.

Sikuanza kuuliza swali la jina kwa sababu ya usomi. Nilipomaliza darasa la saba kwetu Rungwe sikuchaguliwa. Baba akanipeleka shule nyingine nirudie, mbali na nyumbani, kulikokuwa na nafasi ya msichana aliyeacha masomo. Nafasi hiyo ilikuja na jina lake. Asubuhi ya kwanza mwalimu akaita mahudhurio, likaitwa mara ya kwanza, mara ya pili, jirani yangu akanipiga kiwiko. Nadhani ilinichukua wiki mbili kuacha kuchelewa kuitika. Wa rika langu wanajua, mambo haya yalikuwa ya kawaida kiasi kwamba hakuna aliyeyaita uongo. Leo jina lile liko kwenye cheti cha kidato cha nne, cheti cha ualimu na kadi ya benki. Mume wangu alinijua kwa hilohilo. Alipokuja na wazee wake kujitambulisha akaulizia nyumba njiani, akaambiwa kijiji hiki hatuna mtu wa namna hiyo. Walizunguka kwenye migomba karibu saa nzima.

Nilipoisimulia saluni, watatu kati yetu kumi na mmoja walisema na wao wana la kuazima. Hatukusoma tena siku ile.

Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe namweka karibu na habari hiyo. Kwenye Nervous Conditions ya mwaka 1988, Tambudzai analima mahindi yake mwenyewe apate ada, kwa kuwa pesa ya nyumbani ni ya kaka. Baadaye anahamia kwa baba yake mkubwa, misheni. Mke wa baba huyo anaitwa Maiguru kitabu kizima. Maiguru si jina, ni cheo cha ukoo kwa Kishona. Ukurasa unafika ambapo Tambu anagundua kwamba mwanamke huyu anayepakua chakula na kuondoa sahani ana shahada ya uzamili sawa na mumewe, na kwamba mshahara wake hauoni ukishapita mlangoni. Waulize walimu wa kike unaowafahamu. Halafu soma This Mournable Body ya mwaka 2018: Tambu amekuwa mtu mzima, ameacha kazi kwenye kampuni ya matangazo kwa sababu maneno aliyoyaandika yalitoka kwa majina ya wenzake Wazungu. Na riwaya yote imesimuliwa kwa "wewe". Wewe unaamka, wewe unatembea. Hata "mimi" amepoteza. Ni kitabu kigumu, wawili wetu walikiacha katikati, na sikumlaumu yeyote. Usianze nacho.

Anza na Stay With Me ya Ayobami Adebayo (2017). Hicho wenzangu walikimaliza kabla ya muda, mmoja akasimulia mwisho kwa bahati mbaya na tukamnunisha wiki mbili. Yejide ana saluni yake huko Ilesa, Nigeria, miaka ya themanini. Ana kazi, ana mume anayempenda, Akin, mtu wa benki, na hana mtoto. Ukweni wanaleta mke wa pili. Huku kwetu nani asiyejua anavyoitwa mwanamke aliyeolewa? Mama Fulani. Akikosa huyo Fulani, watu wanahangaika pa kuweka ulimi wao. Yejide anapokuja kuzaa, anazika, anazaa, anazika tena. Mtoto wa tatu anapewa jina la Rotimi, na kwa Kiyoruba ni ombi: kaa nami. Yaani mtoto anaitwa kila siku kwa hofu ya wakubwa. Wanyakyusa tuna Tusajigwe, tumebarikiwa, tuna Gwakisa, wa huruma. Majina yetu hushukuru. Hilo la Yejide linabembeleza, na mama mwenyewe amechoka kiasi kwamba hataki tena kulitegemea.

Mtu akiniambia Kiingereza kinamshinda namwelekeza kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Nobel ya fasihi mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikawa Peponi, ikachapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Sisi nakala zetu zilikuja kwa basi kutoka Dar, zimefungwa kwenye kiroba cha mchele. Kwa haki si kitabu cha siku hizi, kinasimulia pwani na bara kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Lakini Yusuf, kijana wa humo, anachukuliwa kwao na tajiri mmoja mfanyabiashara kufidia deni la baba yake, akiamini anakwenda kuishi na ndugu. Amezoea kumwita tajiri huyo kama mtu anavyomwita ndugu wa baba au mama yake. Khalil, kijana mwenzake dukani, ndiye anayemrekebisha: yule si ndugu yako, umwite Seyyid, yaani bwana. Undugu ulikuwa njia ya kumchukua bila kelele.

Jumamosi tulipofika hapo, kwenye kiti alikuwapo binti wa kutoka Kilolo, amerudi kutoka Dar baada ya miaka miwili ya kazi za ndani. Hakuwa mwanakikundi. Nyumba za mjini wanapenda mabinti wa huku, unapigiwa simu na mtu asiyekujua, "nitafutie dada wa Iringa", na akifika, watoto wanamwita dada, baba mwenye nyumba anamwita dada, na bibi aliyekuja kutembea naye vilevile.

"Mimi nilikuwa dada," akasema, kichwa kimeinamishwa, hatukumwona uso. "Siku ya kuondoka mama mwenye nyumba aliniambia atanitumia hela ya mwezi kwa simu. Akaweka namba yangu. Jina lilipotokea akasita, akaniuliza, hii laini umesajiliwa na nani?"

Msusi alimgeuza shingo upande wa pili, akaomba apewe rasta nyingine. Namba 1.