Droni iliyopangiwa njia: ya barazani na ya kweli

"Ukishaipangia njia, wewe kaa unywe kahawa yako." Maneno haya niliyasikia barazani hapa Lamu kutoka kwa kijana aliyenunua droni yake ya kwanza. Sikumcheka, maana nami nilianza na imani hiyohiyo. Unagusa nukta kadhaa kwenye ramani ya simu, unaandika kimo na kasi, unabonyeza, chombo kinaondoka. Kweli kinaondoka. Ila kinafuata ulichoandika, si ulichokusudia, na mimi tofauti hiyo nimeilipia.

Dhana: Mita 15 ni mita 15 popote pale.

Droni nyingi za burudani huhesabu kimo kuanzia pale ziliponyanyukia. Hazihesabu kutoka usawa wa bahari, wala kutoka ardhi iliyo chini yake wakati huo. Siku moja niliirusha yangu kutoka dari ya nyumba ya ghorofa huko Shela, kama mita 11 juu ya mchanga, njia nimeiandikia mita 15. Ikapita juu ya minazi kwa raha zake, ikarudi. Kesho yake nikaona uvivu kupanda ngazi, nikairusha kutoka ufuoni, njia ileile. Sasa ilikuwa chini kwa mita 11 kuliko jana. Nikasikia mapanga ya droni yakikata makuti, kisha kimya. Ilinasa huko kileleni, taa yake ikipepesa katikati ya madafu.

Mkwezi aliyeiteremsha aliigeuzageuza mkononi, akauliza: "Sasa hii, kaka, mti wote huu haikuuona?"

Haikuuona. Siku hizi kila njia ninayoihifadhi naipa jina la mahali pa kurukia: "darini" au "ufuoni".

Dhana: Yenye vihisi vya kutambua vizuizi haigongi kitu.

Yangu haikuwa navyo, basi kuna watakaosema hilo ndilo lililonipata. Vihisi husaidia, lakini waya wa umeme, kamba ya mlingoti wa jahazi na kuti jembamba huvipita kirahisi. Vingi hutegemea kamera, kwa hiyo giza likiingia navyo hupofuka. Vinavyotazama chini huchanganyikiwa na maji yanayometameta, na hapa kwetu maji ndiyo yaliyojaa.

Dhana: Ikipotea itarudi nyumbani.

Nyumbani kwake ni nukta iliyorekodiwa wakati wa kuruka. Ukiirusha kutoka kwenye mashua na mkondo ukaichukua mashua, nyingi zitarudi pale mashua ilipokuwa na kutua majini kwa adabu zote. Tena nyingi huja kwa mstari ulionyooka, kwa kimo cha kurudi ulichokiweka, kwa hiyo kimo hicho kipite mnara mrefu kuliko yote iliyo katikati. Jingine ni rimoti kupoteza mawasiliano safari ikiendelea: kuna droni zitakazorudi, na kuna zitakazoimaliza njia kwanza. Inategemea mpangilio uliochagua. Uangalie kabla ya kuruka.

Dhana: Betri ya dakika 30 ni dakika 30.

Hizo ni dakika za hewa tulivu. Chukua droni yenye kasi ya juu ya mita 10 kwa sekunde, upepo wa mita 6. Kilomita moja ya kwenda na upepo itaimaliza kwa dakika moja na kidogo. Kilomita hiyohiyo kurudi itachukua zaidi ya dakika nne, mota zikilia kwa nguvu zote. Na kusi ikivuma, ya juu si hii unayoihisi shavuni ukiwa umesimama nyuma ya ukuta. Manahodha wetu wanajua hesabu hii bila simu. Panga njia ianzie upande wa joshi, yaani kule upepo utokako, betri ingali imejaa, ili urudi ukisukumwa.

Dhana: Ni ya kuchezea, haina haja ya kibali.

Kenya ina kanuni za droni tangu 2020, na msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Droni husajiliwa, kimo hakipiti futi 400 (karibu mita 120), na mrushaji aione kwa macho yake, hata kama inajiendesha. Karibu na kiwanja cha ndege usithubutu bila ruhusa. Kiwanja chetu kiko Manda, ng'ambo ya mkondo tu. Malindi ndio kabisa, kiwanja kiko mjini.

Kibali cha serikali, hata hivyo, hakikupi ruhusa ya jirani. Nyumba za mji wa kale zilijengwa ili walio ndani wasionekane. Ua uko katikati, kuta ni nene, na darini wanawake hupunga upepo jioni wakiwa huru. Kamera inayopita kwa mita 20 huvunja yote hayo kwa sekunde tano. Kwa hiyo kabla ya kurusha mimi hutembea kwa miguu chini ya njia niliyoichora, nikipiga hodi kila inapobidi. Mara mbili nimeambiwa hapana, nikazihamishia nukta upande wa bahari.