Gamba moja la konokono: chapa ya Rembrandt ya mwaka 1650

Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, alitengeneza chapa, yaani picha za kuchapwa karatasini, zinazokaribia 300 kwa bamba la shaba na tindikali. Humo utakuta watu wa Biblia, ombaomba, madaraja, miti, na sura yake mwenyewe tangu ujana. Chapa ya kitu kimoja tu kilicholala mezani, pasipo mtu wala mandhari, ni moja peke yake: gamba la konokono wa baharini, la mwaka 1650, upana wake usiofika sentimita 14. Mimi ni mchapaji, shaba na tindikali ndiyo kazi yangu, na mtu akiniuliza aanzie wapi kumsoma Rembrandt, simpeleki kwenye zile chapa kubwa zenye umati wa watu. Namleta hapa.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kwa kifupi. Bamba la shaba hupakwa utando mwembamba wa nta iliyochanganywa na lami na utomvu. Unachora kwa sindano, ukiukwangua utando tu, shaba yenyewe huigusi. Kisha bamba linaingia kwenye tindikali, nayo inakula pale palipobaki wazi. Likikaa kidogo, mstari unatoka mwembamba; likikaa sana, mstari unakuwa mzito. Baadaye unaondoa nta, unapaka wino, unaufuta juu ya bamba huku ukiuacha ndani ya mifereji, halafu unalikandamiza kwa mashine pamoja na karatasi yenye unyevu. Picha inatoka imegeuka: kilichokuwa kulia kwenye bamba kinakuwa kushoto kwenye karatasi.

Hapo ndipo gamba hili lilipowapa wataalamu wa konokono la kusema. Konokono mwenyewe kwa jina la kisayansi anaitwa Conus marmoreus, mkazi wa maji ya joto ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, mwenye sumu, gamba lake likiwa jeusi-kahawia lenye mabaka meupe. Ukilishika ncha ya msokoto ikiwa juu na mdomo ukikutazama, mdomo huwa upande wa kulia. Kwenye chapa ya Rembrandt msokoto unakwenda kinyume. Alilichora kama alivyoliona, mashine ikaligeuza. Lakini sahihi yake, pamoja na mwaka, inasomeka sawasawa, maana yake aliiandika kinyumenyume kwenye shaba. Kwa hiyo alijua vizuri bamba linafanya nini. Aliamua kuhangaika na jina, akaliacha gamba. Wengine huita hilo kosa. Mimi naona ni mtu aliyejua anachokitafuta, na alichokitafuta hapa ni uzito wa kitu na kivuli chake.

Mlinganishe na Wenceslaus Hollar, mzaliwa wa Praha, aliyechora mfululizo wa chapa 38 za magamba miaka hiyohiyo. Ni kazi safi sana, na mkono wa Hollar nauheshimu. Ila magamba yake yako juu ya karatasi tupu, kama kwenye orodha ya mkusanyaji. La Rembrandt limelala mahali.

Na mahali hapo hapakuwepo mwanzoni. Chapa hii ina hatua tatu, yaani bamba lilichapwa, likarudishwa mezani likafanyiwa kazi, likachapwa tena. Katika hatua ya kwanza nyuma ya gamba ni kweupe. Gamba ni zuri, limekamilika, na wachapaji wengi tungeishia hapo tukapumzika. Yeye akalirudia bamba, akaifunika nafasi ya nyuma kwa mistari inayopishana, safu juu ya safu, hadi pakawa giza. Hatua ya tatu ni nyongeza ndogo tu kwenye msokoto wa ncha.

Tazama giza hilo linavyofanya kazi. Mabaka meupe ya gamba ni karatasi tu, hakuna wino. Nyuma pakiwa peupe, weupe wa mabaka na weupe wa nyuma ni kitu kimoja, na jicho linayaona kama madoa yaliyobandikwa. Nyuma pakiwa peusi, mabaka yaleyale yanashika mwanga na gamba linavimba kuja mbele. Alichobadilisha ni jirani zao.

Gamba lenyewe lilifikaje Amsterdam? Kwa meli. Kampuni ya Uholanzi ya biashara ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1602, ilileta viungo, na pamoja na viungo vikaja vitu vya ajabu vya bahari ambavyo matajiri walivigombania. Rembrandt, mtoto wa msaga nafaka aliyezaliwa Leiden mwaka 1606, alikuwa na ugonjwa huo wa kukusanya. Mwaka 1639 alinunua nyumba ya gilda 13,000 ambayo deni lake hakulimaliza, lakini minadani aliendelea kwenda. Mkewe Saskia alifariki mwaka 1642. Mwaka 1656 alishindwa kabisa kulipa, na mali yake ikaorodheshwa chumba kwa chumba: picha, silaha, sanamu, na magamba mengi ya baharini. Nyumba iliuzwa mwaka 1658. Alifariki mwaka 1669, bado akichora.

Meli hizohizo zilimletea pia karatasi ya Kijapani, nzito kiasi, yenye rangi ya krimu, ambayo alianza kuipenda kuelekea mwisho wa miaka ya 1640. Mchapaji anaelewa kwa nini. Sehemu za giza hakutegemea tindikali pekee. Aliongeza mistari kwa sindano kavu, inayochana shaba moja kwa moja na kuacha ukingo uliotifuka pembeni mwa mfereji. Ukingo huo hunasa wino na kutoa weusi laini. Ubaya wake, mashine inausaga kila unapochapa, na baada ya nakala chache tu umekwisha. Karatasi laini hunywa wino huo vizuri kuliko ile ngumu.

Makumbusho ya British Museum ya London na Rijksmuseum ya Amsterdam yote yana nakala za chapa hii, na picha zake zinapatikana mtandaoni. Ukizifungua, usianze na gamba. Kuza picha hadi uone kivuli kilicho chini yake. Mistari ikiwa imeyeyukiana kuwa weusi mmoja, unatazama nakala ya mapema. Ukiweza kuihesabu mmoja mmoja, bamba lilikwisha choka.