Anza na tairi, rimu itafuata

Kila gari lenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuongeza nguvu) linapoingia gerejini kwangu Mwanakwerekwe, Zanzibar, jambo la kwanza analoulizia mwenyewe huwa ni ukubwa wa rimu. Hivi karibuni kijana mmoja aliniletea Toyota Chaser yenye injini ya 1JZ-GTE, ambayo kiwandani hutajwa kuwa na nguvu za farasi 280, na yake ilikuwa imeshaongezwa. Akasema, "Shikamoo fundi, nataka rimu za 19 zijae fenda." Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Niambie kwanza unataka tairi gani, maana nguvu yote uliyoilipia inapita kwenye viraka viwili vya mpira vinavyogusa lami huko nyuma."

Gari lile lilitoka kiwandani na tairi la nyuma la 225/50R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hesabu hiyo ubavu una milimita 112.5 na tairi zima lina kipenyo cha milimita 631 hivi. Ukifunga 255/40R17, kipenyo kinakuwa 636, tofauti ambayo spidomita haitaihisi, na ubavu unabaki na milimita 102. Ukifunga 255/30R19, kipenyo ni kile kile, lakini ubavu umeshuka hadi 76.5.

Ubavu huo ndio ninaoupigania. Gari linapoachiwa klachi kwa nguvu, habu (kitovu cha gurudumu panapofungwa rimu) huanza kuzunguka kabla ya kashata, yaani mpira wenye mifereji unaogusa lami. Ubavu hujikunja, hupokea mshtuko, kisha huurudisha taratibu huku mguso wa tairi na lami ukirefuka. Ubavu mfupi na mgumu hauna nafasi ya kujikunja, hivyo ama tairi huteleza, ama mshtuko wote huenda kwenye ekseli na difu. Ndiyo maana magari ya mbio za mita 402 hufungwa rimu ndogo nyuma na matairi yenye ubavu mrefu, na upepo hupunguzwa hata kufikia paundi 16 au 20. Upepo huo ni wa uwanja uliofungwa tu. Kabla ya kurudi barabarani jaza tena kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Ushauri wangu ni kuchagua rimu ndogo kabisa inayopita juu ya breki zako bila kugusa kalipa, yaani kibanio cha pedi za breki.

Matairi laini ya mbio yananata vizuri yakipashwa moto, lakini kashata zake ni fupi na hazitoi maji. Mvua ya masika ikishuka barabara ya Bububu, gari lenye nguvu nyingi juu ya matairi hayo huelea. Kwa hiyo mwenye uwezo namwambia awe na seti mbili: moja ya kila siku, nyingine ya nyuma kwa ajili ya mashindano.

Nasisitiza sana umri wa tairi, kwa sababu mengi tunayouziwa hapa ni ya mtumba. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha bonyeza kashata kwa ukucha. Mpira mzima huacha alama inayorudi polepole. Uliokauka huukataa ukucha kama ubao, na ukiupinda utaona nyufa nyembamba chini ya mifereji. Niliwahi kununua jozi iliyokuwa na kashata nene na inayong'aa, bila kusoma tarehe. Gari lilizunguka kwenye lami kavu kwa gia ya pili, na nashukuru Mungu kwamba barabara ilikuwa tupu.

Tukija kwenye kufunga rimu, Toyota ya aina hii ina nati tano kwenye duara la milimita 114.3, na tundu la habu ni milimita 60.1. Rimu nyingi za kununua zina tundu la 73.1, kwa hiyo weka pete ya kujazia nafasi hiyo; usipoiweka, gari linaweza kutetemeka hata ukipiga balansi mara kumi. Angalia pia nati. Nati za rimu za Toyota zina kitako bapa chenye washa, na rimu nyingi za nje zinataka nati yenye kitako cha koni. Ukichanganya, nati hushika kwa ukingo tu na hulegea.

Kijana alikubali 255/40R17. Nilisugua chumvi nyeupe iliyokuwa imeganda kwenye uso wa habu, nikakaza nati kwa spana ya kipimo hadi Nm 103 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), nikamwambia aende Nungwi na kurudi kwa mwendo wa kawaida, kisha apite tena gerejini. Aliporudi, nati mbili za nyuma kushoto zilikubali kukazwa robo mzunguko zaidi.