Maana ya kasisi wa timu ya michezo

Kasisi wa timu ni mhudumu wa Kikristo, awe mchungaji aliyewekewa mikono au mlei aliyeandaliwa kwa kazi hiyo, ambaye klabu imemkubali awe karibu na wachezaji, makocha na wafanyakazi wake kwa ajili ya faraja na malezi ya kiroho. Wengine humwita mchungaji wa timu. Mara nyingi hujitolea bila mshahara, na sehemu kubwa ya utumishi wake mashabiki hawaioni: kuketi na wachezaji wakati wa chakula baada ya mazoezi, kumtembelea majeruhi, kumsikiliza mtunza vifaa aliyefiwa na mzazi.

Katika lugha kadhaa za Ulaya, jina la cheo hiki (kwa Kiingereza "chaplain") limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya joho dogo. Joho hilo ni la Martin wa Tours, askari wa karne ya 4 ambaye, kwa mujibu wa mapokeo, alilikata vipande viwili akampa maskini kimoja. Na mapadre waliolitunza baadaye waliandamana na wafalme wa Wafaranka hata vitani. Tangu mwanzo, basi, huyu ni kasisi anayewafuata watu waliko.

Katika michezo, haja hiyo ilitokana kwa sehemu na ratiba. Mwanamichezo wa kulipwa hucheza siku ambayo wenzake wanasali, na wiki nyingine huwa safarini. Nchini Marekani mwandishi wa michezo Watson Spoelstra alianzisha mwaka 1973 huduma ya ibada kwa wachezaji wa besiboli, zikifanyika viwanjani penyewe. Nchini Uingereza John Boyers, mchungaji wa Kibaptisti, alianza kuihudumia klabu ya soka ya Watford mwaka 1977, na mwaka 1992 akaenda Manchester United.

Hata hivyo, ibada ni sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Karibu kila mtu anayezungumza na mchezaji ana jambo linalotegemea kiwango chake: kocha anapanga kikosi, daktari anaamua kama anafaa kucheza, wakala anasubiri mkataba, na hata ndugu zake huenda wanaishi kwa mshahara wake. Kasisi hapangi kikosi wala hapati asilimia ya usajili. Ndiyo maana kijana wa akademi aliyeambiwa kwamba hataendelea na klabu, au mchezaji mkongwe ambaye goti limekataa kupona, anaweza kumwambia kasisi kwamba anaogopa, neno ambalo akilisema kwenye benchi la ufundi huenda likamgharimu nafasi. Kwa maoni yangu, kasisi anayeanza kumshauri kocha kuhusu nani aanze amekwisha kuipoteza kazi yake, hata kama ushauri ni mzuri.

Kwa sababu hiyo usiri una uzito wa pekee hapa. Habari kwamba mshambuliaji ana maumivu ya paja zina thamani kwa mwandishi wa habari na kwa mcheza kamari, na kasisi huzisikia mapema. Hazitoi. Usiri huo una mpaka, hasa pale mtoto au mtu mwingine anapokuwa katika hatari ya kudhuriwa, na kasisi makini hulieleza hilo kabla mazungumzo hayajafika mbali.

Klabu ina watu wa dini nyingine na wasio na dini, nao wote wana haki ya msaada wa kasisi. Anaanza kwa kujali, na mambo ya imani huyazungumza pale mtu mwenyewe anapoyauliza. Chumba cha kubadilishia nguo si uwanja wa mkutano wa injili, na mchezaji hana pa kukimbilia akihubiriwa humo bila kutaka. Anapoona dalili za sonona au uraibu, humsaidia mhusika kumfikia mtaalamu, kwa kuwa sala haiondoi haja ya tiba.

Linabaki swali ambalo makasisi hawa huulizwa kila mahali, nusu kwa mzaha: je, huombea ushindi? Kasisi si hirizi ya timu. Sala ya kawaida kabla ya mchezo huomba wachezaji wa pande zote mbili wasiumie, wacheze kwa uaminifu na wajizuie hasira, na matokeo huachiwa waliofanya mazoezi.