Margai si mtoto wa oseloti

Watu wengi wakiona picha ya paka mdogo mwenye madoa kutoka misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, huamini ni mtoto wa oseloti (paka-mwitu mwenye madoa kama hayo, ila mkubwa zaidi) ambaye bado hajakua. Ni rahisi kufikiri hivyo, maana manyoya yao yanafanana mno.

Huyo mdogo mara nyingi ni margai, spishi inayojitegemea: Leopardus wiedii. Oseloti ni Leopardus pardalis. Margai mzima ana uzito wa kilo 3 au 4 hivi, na hakui zaidi ya hapo. Kinachonistaajabisha zaidi ni miguu yake ya nyuma. Vifundo huzunguka hadi nyuzi 180, hivyo hushuka mti kichwa kikitangulia, kucha za nyuma zikiwa zimeng'ang'ania gome. Huweza hata kuning'inia kwa mguu mmoja.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe, tafuta picha iliyopigwa kutoka ubavuni, kisha linganisha mkia na mguu wa nyuma. Mkia wa margai ni mrefu kuliko mguu huo. Wa oseloti ni mfupi. Ukubwa usiutegemee, kwani picha ya karibu humkuza mnyama yeyote.